Mafiga Matatu Kutoka Mlimani

Mimi ndiye mjuzi wa njia zote za kile kilima cha mawe kilicho nyuma ya mji wa Bukoba. Hakuna jiwe nisilolijua, hakuna kona iliyonishinda. Mwaka juzi nilikipanda mwenyewe, kwa miguu yangu hii, nikafika mpaka kwenye mti wa kwanza, nikakaa, nikamaliza ndizi mbivu zangu zote, nikarudi nyumbani. Yaliyobaki huko juu nimeelezwa na wanaokwenda. Kwa hiyo nitakayosimulia hapa ni ya kweli, isipokuwa pale wao waliponidanganya.

Kilima chenyewe si cha kuchezea wakati wa kiangazi. Chini kuna vibanja vyenye migomba na kivuli. Ukipanda kidogo migomba inakatika ghafla, unaingia rweya, yaani uwanda mtupu wa nyasi na mawe. Mwezi wa saba nyasi zimekauka, kwingine zimeungua, na maji hakuna. Njia nazo ni nyingi kupita kiasi, maana ng'ombe wa kule kila mmoja ana yake. Ndiyo sababu klabu ya mazingira ya shule moja ya Bilele ilipanga mawe kwenye kila njia panda na kuyapaka chokaa, ili watu wanaopenda kutembea milimani wafike kileleni, walione ziwa, wapige picha zao, warudi salama.

Judica, msichana wa darasa la sita, alikuwa mmoja wa waliopaka chokaa hiyo. Aliishi Bilele na bibi yake, Alistidia, pamoja na mdogo wake Wilbert wa darasa la pili. Siku zake za likizo zilifanana. Asubuhi alifagia uwanja, akachota maji, akamenya ndizi, akagombana na Wilbert, kisha akamenya ndizi tena.

Ijumaa moja nyumba ilichangamka. Karugendo, baba yao mdogo, alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam kutoa shukrani kanisani kwa kupandishwa cheo. Ndugu kutoka Kamachumu walitarajiwa Jumamosi mchana, na wote wangekula.

"Gesi itabeba sufuria, haitabeba ukoo mzima," alisema Bibi Alistidia. "Judica, chukua toroli, nenda rweya, kule kwenye machimbo ya zamani, uniletee mafiga matatu. Usiniletee ya mtoni. Jiwe la mtoni likipata moto linapasuka, sufuria inaanguka, wageni wanakula majivu."

Machimbo yalikuwa mbali na jua lilikuwa kali. Judica alisukuma toroli mpaka migomba ilipokwisha, akasukuma kidogo tena mpaka njia panda ya kwanza, akasimama kupumua. Pale, mkono wa kushoto, palikuwa na mawe matatu ya klabu. Yalikuwa makavu, ya mviringo, yenye ukubwa mmoja, kana kwamba yalikuwa yanamsubiri.

"Kwani si mimi niliyeyapaka?" alijisemea. "Nitayarudisha Jumatatu. Nani atapanda mlima kwenye jua hili?"

Akayapakia. Nyumbani aliyapanga uani yeye mwenyewe, upande wenye chokaa akauelekeza ndani, kwenye moto.

"Umewahi kurudi," alisema bibi. "Umeyapata machimboni?"

"Ndiyo, bibi. Kulekule ulikosema."

"Mbona haraka hivyo?"

"Nilikimbia."

"Na toroli?"

"Nayo ilikimbia, bibi."

Bibi Alistidia alimtazama kidogo, akaenda zake kuchambua maharage.

Jumamosi asubuhi moto uliwashwa, sufuria kubwa ikakaa juu ya mafiga kama malkia. Judica alikuwa akimenya ndizi wakati Karugendo alipotoka ndani. Alivaa viatu vipya vya kupandia mlima, kofia pana, na mkononi alishika fimbo ya chuma inayokunjwa. Wilbert alikuwa nyuma yake, amebeba chupa moja ya maji.

"Mama, kabla wageni hawajafika nampeleka huyu kijana kileleni," alisema. "Dar tunalipia mazoezi. Hapa mlima ni wa bure!"

"Unaijua njia wewe? Ulipoondoka hapa ulikuwa unaogopa kuku."

"Mama, mbele ya watoto! Kuna mawe meupe, nimeyaona kwenye simu. Yakiwa kushoto unakata kushoto, yakiwa kulia unakata kulia. Hata mbuzi anaweza."

"Mbuzi hahitaji mawe," alisema bibi.

Kisu cha Judica kilisimama katikati ya ndizi. Maneno yalimfika mdomoni, yakageuka, yakarudi yalikotoka. Akatoa mengine badala yake.

"Baba mdogo, jua ni kali. Mngeenda kesho."

"Kesho asubuhi niko kanisani, jioni nasafiri. Menya ndizi, mwanangu."

Wilbert alimtolea dada yake ulimi, wakaondoka.

Wageni wa Kamachumu walifika, wakasalimiana, wakapewa viti. Ndizi zikawekwa motoni. Karugendo hakurudi. Bibi alipiga simu, ikawa haipatikani. Akapiga tena, sasa akiwa amesimama. Jua lilikuwa limepita utosini, na uani hata kuku walikuwa wamejificha chini ya gari la wageni.

Jirani yao Mwijage, mzee wa kanisa, alikusanya vijana wawili.

"Watakuwa kileleni, pengine mmoja ameteguka mguu," alisema. "Tufuate njia ya kushoto, tupande mpaka juu."

Judica aliwatazama wakifunga kamba za viatu. Alijua kwamba wakipanda kushoto wangeumaliza mchana wote kwenye upande ambao hakuna mtu. Akamfikiria Wilbert, mtoto asiyeweza kukaa darasani kipindi kimoja bila kuomba ruhusa ya kunywa maji, akiwa na ile chupa moja, wawili wakinywa. Akaweka kisu chini.

"Hawako kileleni," alisema.

"Umejuaje?" aliuliza Mwijage.

"Njia panda ya kwanza haina mawe. Watakuwa wamenyoosha na njia ya ng'ombe. Ile inakwenda upande wa pili wa kilima, kwenye rweya kubwa."

"Mawe yamekwenda wapi? Juzi nimepita pale, yalikuwepo."

Judica alinyoosha kidole. Watu wote, na wageni wa Kamachumu pamoja nao, waligeuka wakaitazama sufuria. Ndizi zilikuwa zinatokota vizuri kabisa.

"Sikufika machimboni, bibi. Nilikudanganya."

Bibi Alistidia alichukua dumu dogo la maji akampa.

"Beba. Uwaonyeshe njia. Mengine baadaye."

Walikwenda haraka. Pale njia panda palibaki mashimo matatu kwenye udongo mkavu, na njia ya ng'ombe, pana na safi, ikanyoosha mbele kama barabara ya serikali. Nani asingeifuata? Baada ya hapo ikagawanyika, ikagawanyika tena. Mawe yalikuwa ya moto hata kwenye soli za ndala. Judica aliita jina la mdogo wake mpaka sauti ikakauka, na rweya haikujibu chochote. Hapo ndipo alipoanza kulia, ila hakusimama. Alilia huku akitembea.

Kisha kijana mmoja akasema, "Tazameni, nyasi zinatembea."

Kweli, mzigo mkubwa wa nyasi ulikuwa ukishuka mteremko. Chini ya mzigo alikuwa Hafidha, mama anayekata nyasi za kutandika sakafuni. Bibi Alistidia alikuwa amemwagiza nyasi kwa ajili ya sebule, maana sherehe yenye sakafu tupu kwake si sherehe. Wilbert alikuwa ameshika ncha ya kanga ya Hafidha. Nyuma kabisa alikuja Karugendo akichechemea kwa soksi, viatu vyake vipya akiwa amevining'iniza shingoni, maana vilikuwa vimemla visigino.

Wilbert alikunywa bila kupumua. Alipomaliza alisema, "Judica, mawe hayakuwepo."

"Ni mimi niliyeyachukua. Nisamehe."

Wilbert alifikiri. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu.

"Leo nyama yako nakula mimi," alisema.

"Kula," alijibu Judica.

Nyumbani walipokelewa kwa vigelegele. Nyasi zilitandikwa sebuleni, watu wakaketi, Hafidha akakaribishwa kula pamoja nao. Kabla chakula hakijapakuliwa, Bibi Alistidia alimwita Judica mbele ya wote.

"Mjukuu wangu, uwongo wako ulikuwa mdogo. Uliusema hapa uani, ukadhani umeishia hapa. Leo umepanda mlima na kumnyima mtoto maji. Ile alama ya njia ni ahadi uliyompa mtu usiyemjua. Anakuamini, anaweka mguu wake pale ulipomwambia. Ukiiondoa umemdanganya, hata kama mdomo umeufunga. Umenielewa?"

"Ndiyo, bibi."

"Jumatatu utayasugua masizi hayo mawe, utayarudisha, utayapaka chokaa, na klabu yako utaieleza mwenyewe. Wala usiseme ni mimi niliyekutuma kuyachukua." Akamshika bega. "Lakini ulisema kweli wakati ungeweza kunyamaza, na mbele ya wageni. Kwa hilo nakushukuru. Na iwe hivyo kwa kila mtu wa nyumba hii, mdogo na mkubwa. Aliyekosea aseme nimekosea. Haumwi jino kwa kusema."

Wageni waliitikia kwa sauti moja. Karugendo, miguu yake ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi, aliitikia kuliko wote.

"Kweli kabisa, mama. Maneno mazito," alisema. "Ila kwa upande wangu niwatoe wasiwasi. Sisi hatukupotea. Nilipoona mawe hayapo nilielewa mara moja. Tulikaa tu kwenye mwamba, tukawa tunaangalia ndege."

Hafidha aliliacha tonge lake njiani.

"Ndege, baba?"

"Ndege. Wako wengi sana kule."

"Basi mnisamehe, waitu," alisema Hafidha. "Mimi nilisikia sauti nzito inalia, inamwita mama yake, 'Maawe! Maawe, njoo unichukue!' Nikatupa mundu, nikakimbia, nikadhani kuna mtu ameumwa na nyoka."

Bibi Alistidia aligeuza shingo polepole akamtazama mwanawe. Karugendo alitazama beseni.

"Huenda alikuwa mchungaji wa ng'ombe," alisema.

"Hapana," alisema Wilbert, mdomo umejaa nyama ya dada yake. "Mchungaji hakuwepo. Ni baba mdogo, na mimi ndiye niliyekuwa nambembeleza."