Bipu Mbili za Alfajiri

Simu ya kwanza ambayo Asnath aliipokea maishani mwake ilipigwa na mwanamume aliyesimama karibu naye kiasi cha kumnusa. Alinukia asali na moshi.

Ilikuwa Jumamosi, mtaa wa sokoni Singida Mjini, wakati mabasi ya Itigi na Issuna yanamwaga watu, magunia na kuku. Upepo ulichezea mitumba kwenye kamba. Dukani kwa Foram, ambako baba mkwe wake, Ishwarlal, aliuza khanga na vitenge hadi mikono ikachoka, nusu ya kabati la vioo sasa ilijaa simu. Soko huria lilikuwa limefika hadi huku, na mnara mpya ulisimama juu ya majabali ya mji, mrefu, mwembamba, kama mgeni ambaye hajakaribishwa kuketi.

Asnath alikuwa muuguzi mstaafu na mjane. Kitenge chake cha zambarau kilikuwa kimenyooshwa kwa pasi ya mkaa, na kilemba chake kilisimama kwa heshima zake zote. Binti yake, Eliana, alikuwa amemtumia simu kutoka Dar es Salaam ili mama asiwe mpweke. Jirani yake pale kwenye kaunta, Antipasi, alivaa suti ya kaunda ya kijivu na kofia ya pama. Mke wake alifariki zamani. Reli nayo ilimpunguza kazini pale Itigi, akabaki na mizinga ya nyuki, mbuzi wachache, na simu iliyotumwa na mwanawe Raymond. Wazee wote wawili walikuwa wametumiwa kifaa. Hakuna aliyetumiwa maelekezo.

"Pigianeni hapa hapa mjifunze," Foram alisema. "Baba, bonyeza kijani. Mama, ikiita, na wewe bonyeza kijani."

Simu ikaita. Asnath aliishika kama mtu aliyeshika kifaranga.

"Halo? Nani mwenzangu?"

"Antipasi, wa Itigi."

"Uko wapi saa hizi?"

"Niko hapa nyuma ya kilemba chako."

"Ahaa. Na huko mvua imenyesha?"

Duka zima likaangua kicheko. Antipasi hakucheka. Alijibu taratibu, simu sikioni: "Huku kukavu, mama. Ila mbele yangu pamechanua."

"Kata simu, mzee, unamaliza hela kwa uongo!" Asnath alisema. Lakini yeye mwenyewe hakukata.

Kabla hawajaondoka Foram aliwafundisha kubipu: piga, iite kidogo, kata. Haigharimu kitu. "Ila mwenzako akikubipu usipokee," aliwaonya. "Kupokea bipu ni wizi."

Wazee wana kitu ambacho vijana hatuna: wakifundishwa jambo moja, wanalijengea nyumba. Jumamosi iliyofuata Antipasi alifika Utemini, nyumbani kwa Asnath, na chupa ya asali ya nyuki wadogo. Akakaribishwa ugali wa mtama na kuku. Wakati wa kunawa mikono alisema kwa mzaha, "Mimi nikifa usiku, Mama Eliana, wa kwanza kujua ni mbuzi wangu."

Asnath hakucheka. Naye alikuwa akilala kila siku na swali hilo hilo.

"Basi tufanye hivi," Antipasi aliendelea. "Kule relini treni haitoki stesheni mpaka stesheni ya mbele ijibu kwamba njia iko wazi. Kila alfajiri nitakubipu. Ukinijibu, nitajua umeamka."

"Na nisipojibu?"

"Nitapanda basi la kwanza."

Ndivyo ilivyokuwa. Alfajiri simu iliita kidogo huko Utemini, ikakatika. Ikaita kidogo huko Itigi, ikakatika. Hakuna neno lililosemwa, na hakuna aliyeamka tena peke yake. Asnath alianza kuimba akifagia. Antipasi alianza kunyoa ndevu hata siku ambazo hakuwa na safari. Kijisanduku kile, kidogo kuliko kipande cha sabuni, kilikuwa kimefanya kazi ambayo watoto, wachungaji na majirani walishindwa.

Miezi ikapita. Jioni moja simu ya Asnath iliita, ikaita, haikukatika. Akabonyeza kijani.

"Baba Raymond, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Kuna mimi. Leo nimenunua vocha niongee."

"Basi ongea, vocha isiozee humo."

Mzee akakohoa kwanza. "Kesho alfajiri usisubiri nianze. Anza wewe. Bipu moja, nitabaki muuza asali wako, wala sitanuna. Bipu mbili, nakuja na wazee wangu kuposa."

Asnath akaketi juu ya kitanda. "Kuposa! Mzee, meno yamebaki mangapi?"

"Yanayotosha kuku wako."

"Watu watatucheka."

"Walicheka dukani kwa Foram. Tulikufa?"

Usingizi haukuja upesi. Aliwaza Eliana atasema nini, na kanisani watanong'ona nini. Kisha akawaza nyumba hii bila ule mlio wa alfajiri, na jibu likawa jepesi. Kulipopambazuka akabonyeza kijani, akahesabu moja, mbili, akakata. Akarudia. Kisha akaoga, akavaa kitenge chake cha zambarau, akatoka kufagia kibaraza ambacho tayari kilikuwa safi.

Huko Itigi, simu ya Antipasi ilikuwa kimya.

Alisubiri mpaka jua likatoka. Akambipu yeye. Asnath, akitabasamu, akamjibu tena kwa mbili. Itigi, kimya. Ndipo hofu ikamshika mzee: huyu mama hajaamka. Akapanda basi la kwanza, kofia mkononi, akiomba njia nzima.

Alipofika kwenye kona ya Utemini alimwona. Asnath alikuwa getini na jirani yake Leah, mzima, amependeza kuliko siku zote, anacheka hadi anashika mbavu. Antipasi akasimama. Haumwi, alijiambia. Hajafa. Amekaa na simu yake na ameona hata bipu moja ni nyingi.

Hakusogea tena. Akageuka, akarudi stendi.

Tangu siku hiyo hakubipu. Asnath alisubiri wazee wa kuposa, hawakuja. Akasubiri mlio, haukuja. Alimbipu mara mbili, akambipu tena, kisha haya ikamzidi. Nimemwambia ndiyo, alijiambia, naye amenyamaza. Alitaka tu kujua kama kikongwe bado anaweza kudanganywa. Wiki zikapita, nyimbo zikaisha kibarazani.

Jumamosi moja aliingia dukani na kuiweka simu juu ya kaunta.

"Foram, iuze. Sina wa kunipigia."

Foram alimtazama usoni, akaichukua, akaipigia simu yake mwenyewe. Akaiweka sikioni. Akakunja uso.

"Mama, mara ya mwisho uliweka vocha lini?"

"Siku ile tuliyojifunza hapa. Niongeze ya nini? Sisi tunabipu."

"Salio lako lipo, lakini muda wake umepita. Simu yako inaingiza tu, haitoi. Kuna sauti inakwambia. Hukuisikia?"

"Nani anaweka bipu sikioni? Nabonyeza, nahesabu mbili, nakata."

Kisha akasikia alichokisema. Akaketi juu ya robota la vitenge, mkono kifuani.

"Foram... kwa hiyo ndiyo yangu haikutoka."

"Ndiyo ipi, mama?"

"Nipe vocha. Haraka, binti yangu, nipe vocha!"

Aliikwangua kwa ufunguo wa nyumba. Foram akaingiza namba. Asnath akatoka barazani, katikati ya makelele ya soko, akabonyeza kijani. Safari hii aliiweka sikioni. Ikaita. Alikuwa ameshanyoosha kidole akate.

"Halo!"

"Umepokea!" Asnath alipiga kelele. "Mwizi wewe! Ilikuwa ya kwanza hiyo, nilikuwa nakata nikupe ya pili!"

Ndani ya simu, mbali, treni ilipiga honi stesheni ya Itigi.

"Asnath," mzee alisema. Hakuwahi kumwita kwa jina lake.

"Laini ilifungwa, Antipasi. Nilikujibu alfajiri ile. Haikufika."

"Nilikuja. Nikakuona getini umevaa zambarau, unacheka. Nikasema, huyu hana haja na mimi."

"Nilivaa kwa ajili yako, mjinga wangu! Nilikuwa nakusubiri!"

"Simu sikuizima hata siku moja. Nilikuwa naipeleka kuchajiwa kwa kinyozi kila siku, ananicheka."

"Na ulichokuwa unakisubiri ni nini?"

"Hicho ulichojibu. Kiseme sasa. Bipu nimeshiba, nataka sauti."

Wauza mitumba walikuwa wamenyamaza wanamsikiliza. Asnath akaweka kilemba sawa.

"Ndiyo," alisema, kwa sauti iliyofika hadi Itigi hata bila mnara. Vocha ikaisha hapo hapo, nayo haikuwa na kazi nyingine.

Jumamosi iliyofuata nyumba ya Utemini ilinukia kuku tangu asubuhi. Eliana alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam, amenuna nusu na kufurahi nusu. Mezani, simu ya mama yake ikaita kidogo, ikakatika. Ikaita tena, ikakatika.

"Mama, simu! Pokea!"

"Kupokea bipu ni wizi," Asnath alisema, akajifuta mikono, akaenda kufungua geti.