Wimbo wa Mtungini

Kule Kakheti, nchi ya mizabibu, mitungi ya divai huzikwa ardhini, mikubwa ya kumeza mtu mzima. Anayeshuka kuisafisha huimba na aliye juu humwitikia. Wimbo ukikatika, aliye chini huvutwa upesi, maana hewa ya humo huua. Rafiki yangu Ushangi alimsimamia kaka yake Malkhazi hivyo, akachomoka kidogo kwenda kunywa kwa jirani. Aliporudi, mtungi ulikuwa kimya. Aliwaambia watu hakubanduka pale.

Mtungi ule ukajazwa divai, na mwaka uliofuata dada yao aliolewa.

“Kafungue mtungi wa kaka yako,” mama alimwambia mbele ya wageni. “Wewe ndiye uliyekuwa naye.”

“Na usiumalize hukohuko,” mjomba akatania. Watu wakacheka, Ushangi akainamisha uso.

Ghalani mlikuwa na giza, ngoma za harusi zikisikika kwa mbali. Alipiga magoti abandue udongo wa mfuniko. Chini yake, ndani ya divai, mtu alikuwa akiimba. Wimbo ulifika pa kuitikia, ukanyamaza, ukaanza upya. Ushangi alifumba mdomo.

Alipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni, ametega sikio.

“Mbona humwitikii?” akauliza.