Sauti Iliyofungiwa Ndani

Jumamosi, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Mwalimu alisoma sentensi ya mwisho kwenye orodha. Ilikuwa ya elfu moja na mia sita, nayo ilisema: "Nani amechukua miwani yangu?" Mkewe alisimamisha kinasa sauti cha kompyuta na kuandika namba kwenye daftari.

"Rudia," alisema. "Umeisoma kama unanituhumu mimi."

"Kwani si wewe unayeichukua kila siku?"

Walicheka, naye akairudia. Chumba kilikuwa na meza, viti viwili, na blanketi lililotundikwa dirishani kuzuia kelele za barabarani. Walikuwa wamefanya kazi humo kwa wiki tano. Siku tisa zilibaki kabla ya Mwalimu kufanyiwa upasuaji wa kuondoa sehemu ya koo inayotengeneza sauti. Madaktari hawakumficha: uvimbe ungetoka, na sauti ingetoka nao. Lakini mtaalamu wa sauti wa hospitali alisema kwamba akipata rekodi za kutosha atatengeneza mashine ndogo. Mwalimu akiandika neno, mashine italitamka, tena kwa sauti ya Mwalimu mwenyewe.

Sasa tusikilizane vizuri, ndugu zangu, maana nyumba hii haikuponzwa na ulevi wala uvivu. Iliponzwa na tabia ambayo wengi wetu tungeisifu.

Mke wa Mwalimu alikuwa mpiga chapa wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja. Mashauri ya watu yalipita vidoleni mwake, na hakuna hata moja lililofika mdomoni. Mumewe alimwita Bi Kufuli. Wifi yake, dada wa Mwalimu, alikuwa akisema kwamba ukitaka kujua nyumba ile imepika nini, sharti upeleke barua rasmi yenye muhuri. Bi Kufuli hakukasirika. Aliona anasifiwa.

Baada ya kustaafu aliendelea kuwachapia mawakili nyumbani, na kompyuta yake aliilinda vilivyo. Programu aliyotumia huvuruga kila kilichomo kwenye diski kikawa fujo la herufi lisilosomeka, kisha humrudishia sawasawa yule tu mwenye neno la siri. Siku ya kuiweka, kompyuta ilimpa pia ufunguo wa akiba: tarakimu arobaini na nane, za kuokoa mambo iwapo neno la siri litapotea. Ilimshauri auchapishe na kuuhifadhi mahali pengine. Alibonyeza "Ruka".

"Mama, andika hata kwenye kikaratasi," binti yao alimwambia siku hiyo.

"Nikishaandika, kuna mtu atasoma."

"Mtu gani? Humu tuko watatu, na baba haoni hata miwani yake iliko."

"Hata hivyo."

Kosa la pili lilikuwa la kitaalamu, na pengine asingelifanya mtu mwingine isipokuwa mpiga chapa. Neno lake la siri hakulitunga kichwani. Alifumba macho, akaacha vidole vipige vinavyotaka, akarudia mara kadhaa mpaka vikashika njia moja. Lilikuwa na herufi na alama ishirini na tatu, na kwa miaka miwili vidole havikukosea. Yeye mwenyewe hakuwahi kujua ni herufi zipi. Alijivunia hilo: siri ambayo hata mwenyewe hawezi kuitaja.

Jumatatu mtaalamu wa sauti alipiga simu. "Mama, tuletee hata nusu tuanze nayo."

"Siwezi kukabidhi kazi nusu. Bado nazipanga, kila rekodi na sentensi yake. Baada ya upasuaji utapata zote."

"Una nakala mahali pengine?"

"Ziko salama," alijibu. Hilo halikuwa jibu la swali aliloulizwa.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya nne baada yake, Bi Kufuli aliteleza kwenye ngazi ya nyuma akiwa amebeba beseni la nguo. Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika mahali pawili. Alifungwa plasta kuanzia kwenye vidole hadi kiwikoni.

Jioni hiyo aliwasha kompyuta na kuweka mkono wa kushoto kwenye kibodi. Ulipiga herufi tatu, ukasimama kumsubiri mwenzake.

"Nitajie, nikupigie mimi," binti alisema.

Binti aliweka vidole kwenye kibodi.

"Mama?"

"Silijui."

"Hulijui vipi na kila asubuhi unalipiga?"

"Linajulikana na mkono."

Mwalimu, aliyekuwa amerudi nyumbani na bomba dogo shingoni, alichukua kibao chake cheupe akaandika: *Tusubiri plasta itoke.* Walisubiri wiki sita. Nyumbani mlisikika mkwaruzo wa kalamu ya kibao tu. Mwalimu akitaka kumwita mkewe aliye chumba cha pili, alipiga makofi mawili. Zamani wifi akija alizoea kumtania kakake, na kakake alizoea kumjibu kabla hajamaliza. Sasa alitania, akangoja kalamu, na utani ukapoa.

Plasta ilipotolewa, kidole cha pete na kidole kidogo vilikuwa vigumu kama vijiti. Bi Kufuli aliketi, akafumba macho, akapiga. Kompyuta ilikataa. Kwa siku kumi na moja alijaribu mara mia mbili na arobaini, kila jaribio akiliandika kwenye daftari. Kadiri alivyojaribu ndivyo vidole vilivyozidi kuchanganyikiwa, mpaka hakuweza kutofautisha njia ya zamani na makosa mapya.

Walimwita fundi wa kompyuta. Alikagua kwa saa mbili, akakunja waya zake.

"Mama, ufunguo wa akiba uko wapi?"

"Sikuuchukua."

"Basi hapa hapana kazi ya fundi. Diski ni nzima, rekodi zimo zote. Ila bila neno la siri au ule ufunguo, ni kelele tupu."

"Waliotengeneza programu je?"

"Nao hawana. Ndivyo ilivyotengenezwa. Umeifunga vizuri sana, mama. Ungekuwa umeifunga vibaya, leo ningekusaidia."

Mwalimu aliandika kwenye kibao, akakigeuza kumwelekea mkewe: *Kufuli limefanya kazi yake.* Bi Kufuli alisoma. Alichukua kitambaa, akafuta kibao taratibu, akamrudishia.

Simu ya binti ilikuwa na ujumbe wa sauti wa baba yake, dakika nne kwa jumla, karibu wote wa kuuliza atarudi saa ngapi. Mtaalamu wa sauti aliupima akasema hautoshi. Mashine ilikuja wiki iliyofuata ikiwa na sauti ya kawaida ya kiwandani, ya mtu asiyejulikana.

Funzo

Kulinda siri si kosa. Kosa ni kuilinda dhidi ya adui ambaye hayupo, ukasahau kujilinda dhidi ya ngazi yenye maji. Kila unachokifunga kwa neno la siri, chukua ufunguo wake wa akiba. Uandike kwenye karatasi. Weka nakala mbili katika nyumba mbili, na mtu mmoja unayemwamini ajue zilipo. Rekodi muhimu isikae kwenye kompyuta moja hata siku moja, na ukiombwa nusu ya kazi, toa nusu. Mkono huvunjika na kichwa husahau. Nyumba ambayo hamna wa kuaminiwa kupewa karatasi moja tayari imepoteza kitu, hata kabla kompyuta haijakataa kufunguka.

Nyumba ile ilinunua diski mpya. Ile ya zamani imo kwenye droo, haijafutwa. Jumapili, saa nne na dakika tano asubuhi, kompyuta ilitoa ufunguo mpya wa tarakimu arobaini na nane. Mwalimu aliziandika kwenye mashine yake, na sauti ya mtu asiyejulikana ikazisoma, moja baada ya nyingine. Bi Kufuli aliziandika kwa mkono wake wa kulia, polepole, kwenye karatasi mbili. Binti alizilinganisha mara mbili. Saa tano na nusu wifi alipokea bahasha moja mlangoni kwake, akauliza muhuri uko wapi.