Ua Aliloliacha Mpangaji

Fundi cherehani alilea mtoto kwa masikio. Alishona akiipa baraza mgongo ili mwanga uangukie kitambaa, na binti yake wa miaka minne alicheza nyuma yake akiimba. Mtaa mzima ulimwita mtoto Redio. Madhali Redio anaimba, mama hakugeuka.

Barazani palikuwa na ua la majani mapana yenye madoa meupe. Mpangaji aliyehama aliliacha, na chungu chake.

"Litoe hilo, mwanangu," alisema jirani, nesi mstaafu. "Mtoto akilitafuna ulimi unavimba, koo linaziba."

"Huyu chakula chenyewe mpaka nimbembeleze, bibi, ndiyo atakula majani?"

"Haya. Mimi nimesema."

Jumanne asubuhi fundi alikuwa akimalizia sare za shule. Redio aliimba wimbo wa kuhesabu vidole. Akafika kumi, akarudia. Akarudia tena. Mara ya tano mama akagundua kitu: mtoto hakuwa akivuta pumzi.

Akageuka.

Redio alikuwa chini, midomo imevimba, kipande cha jani mkononi. Kinywa kilikuwa wazi. Hakikutoa sauti.

Wimbo uliendelea. Ulitoka kwenye chungu.

Hospitali uvimbe ulishuka kwa siku tatu. Daktari alimulika koo, akasema ni zima, mtoto ataongea. Wiki ya tatu ilipita bila neno.

Nesi akaja na panga na glavu. "Tulikate, tulichome."

"Sauti yake imo humo, bibi."

"Imo humo, au imo kichwani mwako?"

Nesi akainua panga. Panga likaingia hadi nusu ya shina.

"Mama," chungu kikasema, taratibu.

Nesi aliangusha panga. Nyuma yao, mlangoni, Redio alikuwa ameshika shingo kwa mikono miwili.

Fundi akavaa glavu. Akachukua sindano na uzi mweupe, akalishona shina mishono saba, utomvu ukimdondokea magotini. Nesi aliokota panga lake. Kisha akaenda zake, na hajakanyaga tena pale.

Kesho yake daktari alimwinua mtoto kidevu. Akapapasa shingo. Palikuwa na kovu, kavu, kama la miaka.

"Nani alimshona?" aliuliza.

Fundi alihesabu alama. Zilikuwa saba. Ya mwisho ilikwenda upande, pale sindano ilipomteleza kwa utomvu.