Dorsey Slone na Msiba Usiokuwapo

Majirani zangu wa Tolliver, hili ninalowasimulia ni la nyumba ya Bi Garnet Slone, na kabla sijafungua kinywa nilikwenda kuwaomba ruhusa yeye na wanawe wote wawili. Wamenipa. Mbele huko mtaelewa kwa nini niliona lazima niombe.

Jumapili moja ya mwezi wa tano, baada ya kanisa, Bi Garnet alikuwa barazani akikatakata maharage mabichi, na Dorsey, mwanawe mkubwa, akitia nyuzi mpya kwenye gitaa. Dorsey mnamjua. Nyimbo zake hutunga mwenyewe. Alizirekodi kwenye ghala la tumbaku la babu yake, akaziuza mwenyewe kutoka kwenye gari lake, baa hadi baa, miaka kumi na miwili, bila kampuni wala bosi. Ni muziki wetu huu wa milimani, banjo na fidla, ila yeye aliuongezea gitaa la umeme na maneno ya siku hizi. Waliompenda walimpenda kweli, tatizo walikuwa wachache.

"Kamwamshe mdogo wako aje kula," mama alisema.

"Mwache, mama. Coy anajifanya mgonjwa akwepe kukata nyasi."

"Hata jana hakula. Nenda."

Dorsey alimkuta Coy sakafuni bafuni, midomo imekuwa ya bluu, kichupa cha vidonge kiko wazi kando yake. Tulikuwa tunajua, jamani, tusidanganyane. Coy aliumia mgongo kwenye kiwanda cha mbao, akapewa vidonge vya maumivu, maumivu yakaisha lakini vidonge havikuisha. Nyumba ngapi katika bonde hili zinaijua habari hiyo? Hesabuni za kwenu kimyakimya.

Siku tatu hospitalini, Coy hakufumbua macho. Daktari aliwaambia wajiandae. Dorsey akakaa kwenye korido, na kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake, akaomba kalamu kwa muuguzi, akatunga wimbo. Ulikuwa wimbo wa maziko. Ndani yake Coy amekwisha kufa, wamempandisha kilimani alikolala baba yao, na kaka mtu ndiye anayefukia kaburi. Alilia alipokuwa anauandika, wala sitamlaumu kwa hilo. Moyo uliojaa lazima utoke mahali.

Siku ya nne Coy akafumbua macho na kuomba maji.

Bi Garnet alipiga magoti pale pale kwenye vigae akamshukuru Mungu mpaka wauguzi wakaacha kazi zao. Coy akapelekwa kwenye nyumba ya matibabu, mbali, mahali ambapo hakuna simu wala redio, akae miezi kumi. Na wimbo? Wimbo ulibaki kwenye daftari la Dorsey, na Dorsey akauimba.

Mara ya kwanza aliuimba kwenye baa moja ndogo, na watu wakaacha kutafuna. Baadaye, kwenye kile kimeza anachopangia santuri zake, mwanamume mmoja mwenye mikono ya fundi alimkumbatia. "Pole sana kwa kufiwa, kaka," alisema.

Hapo ndipo pa kusema ukweli. Ilikuwa sentensi moja tu: mdogo wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Lakini yule bwana alikuwa analia, nyuma yake kuna foleni, na katika miaka kumi na miwili Dorsey hakuwahi kuona foleni. "Asante," akasema.

Pole ya pili ikawa rahisi zaidi. Ya ishirini hakuiona hata kidogo. Mtangazaji wa redio alipomuuliza kuhusu marehemu, alijibu kwamba bado ni vigumu kulizungumzia, na akapata sifa ya mtu mwenye staha. Watu wakaanza kumletea maua. Wimbo ukamfungulia matamasha ambayo zamani alikuwa akiyasikia tu. Nyumbani hakuuimba kamwe, na mama yake, ambaye husikiliza nyimbo za kanisani peke yake, hakujua kitu. Sisi tuliojua tulisema ah, ni wimbo tu, tukanyamaza. Na sisi tumo.

Coy akamaliza miezi yake kumi. Alirudi amenenepa, akapata kazi kwenye duka la matairi, na Jumamosi yake ya kwanza ya mapumziko akaamua kumshtua kaka yake. Dorsey alikuwa anapiga kwenye tamasha kubwa la Knoxville, mchana. Coy akaendesha saa tatu. Alifika onyesho limekwisha, akajipanga kwenye foleni ya santuri kama mteja, anacheka mwenyewe.

Mbele yake alikuwapo mama mmoja wa makamo, Imogene Prater. Alimshika Dorsey mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole kwa mdogo wako, mwanangu," alisema. "Mimi nimemzika mtoto wangu mwezi wa tatu. Vidonge hivyo hivyo. Wimbo wako ndio umenitoa kitandani, maana niliona kumbe siko peke yangu."

"Asante, mama," Dorsey alijibu. "Tuko pamoja."

Bi Imogene akasogea pembeni akijifuta macho, na aliyefuata alikuwa Coy.

Rangi ilimtoka Dorsey. Coy alimtazama, akatazama maua mezani, akarudisha santuri aliyokuwa ameishika.

"Na mimi nikupe pole, kaka?" aliuliza taratibu, akageuka akaondoka.

Dorsey aliacha meza, santuri na onyesho la pili, akamkimbilia, lakini gari la Coy lilikuwa limeshatoka. Simu haipokelewi. Akaendesha kurudi Tolliver roho mkononi, na njia nzima alikuwa anaisikia midomo yake mwenyewe ikisema tuko pamoja. Alijua pa kwenda kwanza. Nyote mnaijua ile nyumba ya nyuma ya shule ya zamani, vidonge vinakouzwa.

Gari la Coy lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba hiyo, na Coy yumo ndani, mikono kwenye usukani. Jua lilikuwa bado halijashuka. Dorsey akafungua mlango akaketi.

"Umeingia?"

"Bado."

Dorsey akavuta mlango ukafunga.

"Nilikuwa nawaza," Coy alisema, "kama nimeshazikwa na watu wameshalia, nikiingia mle nani nitamharibia? Wewe hasara huna. Mimi nikiwa hai ndiyo nakuharibia kazi."

Dorsey alilia kama mtoto. Aliomba msamaha, akasema atauchoma wimbo, ataliacha gitaa, afanye nini.

"Acha hizo," Coy alimkata. "Huku kulia nako bado ni kuimba. Mimi nimekusikia. Yule mama je? Yeye amezika kweli, kaka. Umechukua pole yake na wewe huna msiba. Kesho unapiga tena kule?"

"Saa sita."

"Basi kawaambie. Nitakuja nisimame pale, wanione. Sasa nenda kawashe gari lako, nami nakufuata, sitaki kukaa hapa hata dakika moja zaidi."

Siku ya pili, saa sita mchana, Dorsey alisimama mbele ya watu elfu mbili bila gitaa. Akapiga moyo konde, akasema yote: mdogo wangu hakufa, nilijua, nikaziacha pole zenu ziniingie mfukoni. Wengine walimzomea. Mtu mmoja aliirusha santuri jukwaani. Matamasha manne yalimfuta kabla ya wiki kwisha, na redio haikumpigia tena.

Bi Imogene alikuja mpaka mbele. "Wewe leo sina la kukuambia," alimwambia Dorsey. Kisha akamgeukia Coy, akamgusa shavu kana kwamba anahakikisha. "Wewe ulitokaje huko? Keti uniambie. Nina mwingine nyumbani, ana miaka kumi na tisa."

Waliketi majanini mpaka mahema yakaanza kushushwa. Binti yake huyo wa pili aliingia matibabuni mwezi uliofuata. Yupo, anasomea ususi.

Coy sasa ana mwaka wa nne hajagusa kidonge. Dorsey amerudi kwenye baa zake ndogo, anaimba nyimbo nyingine, na akiulizwa kuhusu ndugu yake hujibu kwa sauti, "Mzima, anabadilisha matairi, mkali kama pilipili." Ameniambia hajawahi kuwa na shukrani kiasi hiki maishani, nami namwamini, kwa sababu uso wake umefunguka.

FUNZO

Mtu anayepambana na ulevi wa vidonge bado ni mtu aliye hai. Tusimzike kwa nyimbo, kwa minong'ono, wala kwa kile kimya chetu cha heshima. Na taabu ya ndugu yako si mali yako. Ukitaka kuisimulia, muulize kwanza. Pole nayo ipokee ukiwa umefiwa kweli. Kama wako yu hai, sema yu hai, umshukuru Mungu mbele za watu, kisha umpigie simu leo, maana Bi Imogene angetoa kila alicho nacho ampigie wa kwake.