Kadi Iliyopitishwa Dirishani

Kila asubuhi Morenike alipanda basi la mwendokasi kituo cha Ikorodu kwenda shule. Aligusisha kadi yake ya mwanafunzi kwenye mashine ya mlangoni, taa ikawaka kijani, akakaa dirishani. Hapo ndipo kero ilipoanza.

"Morenike, mwanangu mzuri! Hebu lete hiyo kadi."

Aliyeita kutoka kwenye foleni alikuwa Mama Adunni, jirani yao, mpokea sadaka kanisani, mwenye kilemba kikubwa na marashi ya kumpalia mtu. Morenike alimpitishia kadi dirishani. Mama Adunni akaigusisha, taa ikawaka kijani, akaingia akitabasamu kana kwamba amelipa, akamrudishia kadi.

Mashine ile ilikuwa na utaratibu wake. Kadi ikigusishwa mara ya kwanza, mwenyewe amepanda. Ikigusishwa tena, ameshuka. Taa ni ileile, na dereva haoni tofauti. Kwa hesabu ya mashine, Morenike alikuwa ameshashuka, na Mama Adunni hakuwahi kupanda.

Mchezo huo ulimkinaisha Morenike. Lakini kwao Wayoruba mtoto humsalimu mkubwa kwa kupiga magoti, na kumkatalia mkubwa jambo ni utovu wa adabu. Mama Adunni alizoea kumpa akara moja ya moto, kitumbua cha kunde, kama shukrani. Morenike aliila bila hamu.

Wiki ya mtihani, mkaguzi wa nauli alipanda basi na mashine yake ya mkononi.

"Kadi mkononi, jamani! Kila mtu na yake!"

Kwa kadi ya Morenike, taa iliwaka nyekundu.

"Wewe hujalipa," mkaguzi alisema. "Hii naichukua."

Bila kadi ile ya nusu nauli, baba yake Morenike, fundi wa kupaka rangi nyumba, asingemudu kumpeleka shule, na mtihani ungempita. Lakini amtaje mkubwa mbele ya watu? Alimtazama Mama Adunni, akingoja aseme neno. Mama Adunni alikuwa akitazama nje.

"Nimelipa, anko," Morenike alisema. "Kisha nikampa mama yule kadi, akaigusisha yeye."

"Mimi? Mtoto huyu hata simjui!" Mama Adunni alifoka. "Watoto wa siku hizi, uongo tu!"

Morenike alimkodolea macho. Mwanamke huyu aliwahi kumbeba mgongoni!

"Haya, mama, yako iko wapi?" mkaguzi aliuliza.

Mama Adunni alipekua mkoba. Kikatoka kioo, kikatoka kitambaa. Kadi haikutoka.

"Ebo! Na kilemba chote hicho!" abiria mmoja alicheka.

"Morenike, mwanangu, si uwaambie ulinipa mwenyewe?"

"Kumbe unamjua!" basi zima lilipiga kelele.

Mama Adunni alishushwa na kutozwa faini. Hata hivyo, mkaguzi aliitia kadi ya Morenike mfukoni.

"Nawe ulijua unachofanya. Picha iliyo kwenye kadi hii ni yako, si yake. Aje mzazi wako kituoni."

Jioni ile baba yake alikwenda naye, akiwa bado na rangi mikononi. Aliomba radhi, wakarudishiwa kadi na onyo kali. Walipotoka, baba alitema mate mtaroni.

"Mfyuu! Mtu mzima kujificha nyuma ya mtoto!" alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa, baba. Ningemkataliaje? Ni mkubwa."

Baba alimshika bega.

"Kosa lingine ni langu. Nilikufundisha kupiga magoti, sikukufundisha kuinuka. Kesho ukikutana naye, msalimie kwa magoti kama kawaida. Lakini mkubwa akikuomba umsaidie kuiba, mwanangu, simama wima umwambie hapana. Hapo hujamvunjia heshima. Ameivunja mwenyewe."