Mkono Chini ya Taji

Wakio aliegemea robota la mkonge kwenye stesheni ya Voi, na alipoinuka gauni lake jipya la samawati lilikuwa na taji jeusi mgongoni.

"Wewe! Umenipiga chapa kama mzigo!"

"Pole, dada," alisema Ochola, brashi mkononi, akijizuia kucheka. "Lakini mzigo mzuri namna hii haujawahi kupita hapa."

Ndiye aliyekuwa akikata mabati ya chapa ya shamba la mkonge, yale yanayopakwa rangi juu ya marobota. Wakio alimpenda hasira ikiwa bado haijaisha, na hasira yenyewe ilikuwa ya zamani: mashine ya shamba hilo ilikula vidole vya kaka yake, Gibson, na meneja akamfukuza eti alikuwa mlevi. Gibson hakuwahi kuonja pombe maisha yake yote.

Jumapili moja, wakitembea mtaa wa Kaloleni, Wakio alimwambia Ochola, "Nichoree mkono usio na vidole. Uupige kwenye kila robota, wanunuzi wa Mombasa wauone."

"Mpenzi, nitafukuzwa."

"Na Gibson je?"

Wiki iliyofuata Wakio alimkuta Ochola uani akikata bati jipya, na juu yake taji lilelile, tena kubwa zaidi. Damu ikamchemka.

"Kumbe wewe ni mtu wao! Usinifuate tena."

"Wakio, ngoja nikuonyeshe..."

Hakungoja. Aliondoka akimlaani yeye, meneja na mkonge wote mpaka Mwatate.

Siku ya treni ya mizigo alisikia makelele, akakimbilia stesheni. Mabehewa yalikuwa yamejaa marobota, kila moja na taji, na chini ya taji mkono mweusi usio na vidole. Waliosoma na wasiosoma, wote waliujua ni wa nani. Meneja alifoka yateremshwe. Wapagazi, Wajaluo kwa Wataita, wakakaa chini.

Ochola alikuwa kati ya askari wawili.

"Bila taji karani wa reli asingeyapitisha marobota," alimwambia Wakio. "Ulikimbia kabla sijakata mkono."

"Nilikukosea, mpenzi wangu."

"Nikitoka nitakuja kuposa."

"Njoo. Baba namwambia leo."

Treni ikapiga honi, ikaondoka kuelekea Mombasa, meneja akiikimbilia huku kofia imemtoka. Wakio alicheka, akacheka bila haya. Kisha Ochola akapandishwa gari la polisi, na hapo ndipo Wakio alipolia.